Jina Pembeni mwa Mchoro

Safari hii hakuna aliyebadilisha mchoro wa Arthur. Munyakazi, fundi, aliweka pima maji juu ya zege, akainama kutazama, akaridhika. Mteremko ulikuwa vilevile Arthur alivyoutaka, mdogo tu, wa kupitisha mvua.

Studio nzima ya usanifu wa majengo alikofanya kazi ilikuja kuona. Hilo halikuwahi kutokea, maana kazi nyingi za Arthur hazikujengwa, na zilizojengwa hazikutambulika. Jengo la maduka pale Sonatubes alilichora na ua wa ndani wenye kivuli. Mwenye jengo akauziba ua, akaongeza maduka, kisha akasimamisha nguzo nene mbele kama za kanisa. Arthur akipita pale kwa pikipiki aligeuza uso.

Hata hizo zilizojengwa hazikuwa zake. Hakuwa msanifu aliyesajiliwa, alikuwa mchoraji tu wa studio. Kwenye kisanduku cha pembeni mwa kila mchoro, pale linapokaa jina la msanifu, liliandikwa la bosi wake, Norman. Jambo hilo lilimuuma Arthur, na wala hakuficha. Kila mwaka alikwenda kuuliza, na kila mwaka Norman, mpole kupindukia, alimjibu lilelile.

“Ihangane, Arthur, vumilia. Kazi ijayo, jina yako itakuwa juu.”

Mchoro huu aliufanyia nyumbani Gatsata, katika ile likizo ndefu, kompyuta ikiwa juu ya mto kitandani. Trinah, mkewe, alimletea uji, akachungulia.

“Chumba moja tu? Na dirisha iko wapi?”

“Huyu mteja hahitaji dirisha,” Arthur akasema. “Na hatabadilisha kitu.”

Trinah aliweka kikombe chini, akatoka nje.

Sasa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akimsikiliza Norman akimsifu mumewe mbele ya watu. Norman alisema studio haijapata kuwa na mkono kama ule. Alisema angepaswa kulisema hilo zamani, na kwamba anaona aibu. Akaanza sentensi nyingine, akaiacha katikati. Arthur hakumsaidia hata kwa neno moja.

Norman akamsogelea Trinah, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Ihangane,” akamwambia.

Munyakazi akapangusa vumbi la saruji kwenye jiwe. Jina lilikuwa moja tu, la Arthur Kagabo, na chini yake mwaka aliozaliwa na mwaka huu. Kisha studio nzima ikateremka kwenda kunawa mikono, ikamwacha Arthur ndani.