Kitambaa cha Kiti cha Mwisho

Profesa Zawena, aliyefundisha sauti na maigizo kwa lugha mbili tangu ujana wake, aliketi kiti cha mwisho kabisa ukumbini, ameligeuzia jukwaa mgongo. Sauti ikimfikia pale, alipandisha kitambaa cheupe. Isipomfikia, basi.

Jukwaani alisimama Sikudhani, aliyeitaka nafasi ya malkia mchezoni. Akishindwa leo, angerudi kuvuta pazia. Akasema maneno ya malkia kwa lugha ya kigeni, yakafia safu ya tatu.

"Ongeza mafuta, taa inazimika!" wanafunzi wenzake wakamtania.

Mkono ulimwasha Profesa. Alimpenda binti huyu, lakini kitambaa kile hakikuwahi kupanda kwa huruma.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "kwenu mtu akiwa ng'ambo ya bonde, mnamwitaje aje kula?"

"Tunaita tu, Mwalimu," Sikudhani akajibu kwa haya.

"Basi niite. Nina njaa."

Binti akavua viatu. Akavuta pumzi mpaka tumboni, akaita kwa lugha ya mama yake. Njiwa wakaruka darini.

"Haya, nakuja!" akajibu muuza machungwa kutoka barabarani, kwa lugha ileile. Akaingia na kapu lake, akimtafuta aliyemwita.

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa akamvutia mgeni kiti.

"Sasa malkia," akasema, "kwa sauti hiyohiyo."

Maneno ya kigeni yakaja, yakawapita wote wawili, yakatoka mlangoni hadi barabarani. Muuza machungwa alikuwa ameanza kumenya. Kitambaa kilikwishapanda zamani, na mkono wa Profesa haukutaka kushuka.