Sufuria Kwenye Bwawa la Hifadhi

Siwema aliingia kwenye hifadhi ya wanyama na majirani sita, ndoano moja, hotpoti la ugali na sufuria tupu. Mboga hawakubeba, maana mboga ilikuwa bado inaogelea.

"Humu samaki anavuliwa, anapigwa picha, anarudishwa majini," askari wa hifadhi, Mbelwa, aliwaonya walipofika bwawani.

"Picha ya nini? Kwani anaposwa?" Siwema akauliza, na majirani wakacheka mpaka korongo wakaruka.

Jua lilipofika utosini akanasa kambare mnene. Mbelwa akaja mbio.

"Hongera, mama. Sasa mrudishe."

Siwema akaokota jiwe, akampiga kambare kichwani mara moja tu. Majirani walikuwa wameshakoka moto na kuinjika sufuria ya maji.

"Mama, ukimpika huyo, hutakanyaga tena humu maisha yako yote!"

"Mimi nimezaliwa humu, baba. Nyinyi na uzio wenu ndio mlionitoa."

Mbelwa akafungua daftari la makosa. "Jina lako?"

"Geuka nyuma ulisome."

Askari akageuka. Kibao cha hifadhi, kilichopakwa rangi juzijuzi, kiliandikwa: BWAWA LA SIWEMA.

"Huyo ni bibi yangu," alisema Siwema, akimpasua kambare tumbo. "Mimi ni somo yake, nilipewa jina lake."

Mbelwa akaandika herufi ya kwanza, akasita. Majirani wakafunua hotpoti la ugali, na sufuria ikaanza kutokota.