Kitengo cha Watoto

Mama Tunu aliwekwa kwenye bodi ya ushauri ya taasisi ya serikali ya utafiti wa magonjwa ili awasemee wazazi. Asubuhi ya kikao jirani yake, Sikudhani, alimshika mkono akamwambia, "Dada, wakitaka kitengo cha seli mundu cha watoto kimezwe na cha wakubwa, kataa. Watoto wetu watasahaulika."

Hoja ikafika wakati wa chai, naye Mama Tunu ameshauma sambusa.

"Tuishauri serikali vitengo hivi viunganishwe," alisema mwenyekiti, Dakta Mbonea. "Kuna mwenye neno?"

Neno alikuwa nalo. Lakini aongeeje mdomo umejaa, mbele ya wasomi wale? Akatafuna haraka haraka, akameza. Mwenyekiti alikuwa bado anawatazama mmoja mmoja, hata akamfikia yeye.

"Mama, wazazi wanasemaje?"

Hapo mdomo ulikuwa mtupu kabisa, jamani. Mama Tunu akainamisha macho, akauma tena.

"Mwache mama wa watu na sambusa yake!" mmoja akatania. Wakacheka, na yeye akacheka nao.

"Basi, hoja imepita," akasema mwenyekiti.

Getini alimkuta Sikudhani anamngoja, mwanawe amelala mgongoni.

"Vipi dada, umewaambia?"

"Nipe nikupokee mtoto, umechoka."

Akambeba, akatangulia. Sikudhani alimfuata nyuma akiuliza tena na tena, na pumzi za mtoto, za moto, zikawa zinampiga Mama Tunu shingoni.