Sheria ya Bernadine

"Na mlipomfikisha hospitali?" Seneta Lorna Stubbe aliuliza, kitambaa tayari mkononi.

"Walitufukuza mlangoni, Mheshimiwa," alijibu Orrin Vandehaar, mnyoosha mgongo wa mji mdogo huko Iowa. "Mlinzi alitufokea kama wezi."

Wajumbe wa kamati wakaguna. Mswada wenyewe ulikuwa mfupi: wanyoosha mgongo waruhusiwe kutibu mgonjwa yeyote bila kibali cha daktari. Ukikwama leo, Orrin ananyang'anywa leseni, maana alimtibu mgonjwa wake, Bernadine, bila kibali cha mtu. Kazi ya miaka ishirini, kwisha.

Dakta Pruitt, aliyetumwa na chama cha madaktari, alikohoa kikubwa.

"'Mgonjwa yeyote', waheshimiwa! Neno hilo ni pana mno. Huyu bwana anajua kuvuta mifupa ikalia ko, ko, basi. Leo mgongo, kesho atataka kupasua moyo."

"Wewe Bernadine ungempa miadi ya lini?" Lorna akamkatiza.

Dakta akachungulia simu yake. "Novemba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ilikuwa Machi.

"Alikuwa mkimbiaji," Orrin aliendelea, sauti ikimkatika. "Bingwa wa jimbo zima. Akaanguka, mgongo ukakaza, hata kugeuza shingo hawezi. Na ana mtoto mchanga. Daktari wa kwanza kumwona akasema hana faida tena. Nimemnyoosha mara nne tu, na sasa anakimbia."

"Hana faida!" Lorna akafoka. Uchaguzi ulikuwa karibu na kamera zilikuwa tatu, kwa hiyo machozi yalikuja bila kubembelezwa. Hapo hapo akapendekeza iitwe Sheria ya Bernadine. Mikono yote ikainuka. Pruitt alikusanya makaratasi yake akatoka bila kuaga, na Orrin akalia waziwazi, hakujali nani anamtazama.

"Yuko wapi? Nataka nimkumbatie mimi mwenyewe."

"Chini, Mheshimiwa, kwenye maegesho. Ngazi zenu hizi haziwezi."

"Maskini!" Lorna akanyakua shada la maua mezani, akashuka mbio, kamera zikimfuata.

Orrin akafungua trela. Bernadine akashuka kinyumenyume, kwato zikigonga lami, akanusa shada la Seneta, akalitafuna lote.