Kinda la Bundi

Umewahi kumwona mtu amebeba kitu ambacho mtaa mzima unakichukia, naye amekifunika kwa kanga yake ya kutokea? Hivyo ndivyo Sikudhani alivyoingia kwenye klabu ya viumbe, chumba kile cha shule chenye mafuvu ya ndege dirishani. Mwanawe Hamdu alikuwa haikosi kila Jumamosi, mpaka homa ilipomchukua wiki iliyopita.

Watoto wakamwamkia kwa sauti ndogo. Akaweka kikapu mezani, akafunua. Kinda la bundi, manyoya kama pamba iliyookotwa vumbini, likamkodolea macho.

"Ndiye yule wa Hamdu," msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Usimguse, wewe."

"Majirani wanasema huyu ndiye aliyeniulia mtoto," Sikudhani alisema. "Wamenipa na mchi nimponde."

"Mama Hamdu, bundi haleti homa," Mwalimu Nyamizi akamwambia taratibu. "Tuachie sisi, pole mama."

"Usinifundishe habari za kifo, mwalimu. Kimelala kitandani kwangu."

Mwalimu akanyoosha mkono achukue kikapu, lakini Sikudhani hakukiachia. Kinda likapanua mdomo, likalia kwa sauti kavu, ya njaa. Sikudhani akalisogezea kidole. Likakibana kwa nguvu hata damu ikatoka kidogo, naye hakukitoa.

"Sikuja kuwaachia," akasema hatimaye. "Nimekuja kuuliza, mwanangu alikuwa anamlisha nini? Nataka nimlee mimi."