Askari wa Kona ya Shule

Mmbea alipiga kelele tena pale pale, kwenye kona ya shule, na dereva wa gari la dobi akakanyaga breki mpaka mashuka yaliyokunjwa nyuma yakamporomokea mgongoni.

Mmbea si mtu. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, alichokificha dereva chini ya kitambaa cha kufutia vioo. Kazi yake ni kunusa rada ya trafiki na kumtonya mwenye gari kabla hajapimwa mwendo. Sheria ilikikataza, madereva walikipenda. Yeye alikiita Mmbea kwa sababu hakikuwa na siri: kikimhisi askari, hata awe amejibanza kichakani, lazima kiseme.

Ila hapa kona ya shule kilisema kila siku, wiki ya tatu sasa, na askari haonekani. Kila siku saa saba na nusu mchana anatambaa kama konokono, kila siku anafikisha mashuka hotelini amechelewa. Meneja alikuwa ameshampa barua mbili za onyo. Ya tatu itakuwa ya kwaheri.

Leo aliegesha, akashuka, akarudi nyuma kwa miguu. Afadhali amwone huyo askari uso kwa uso.

Hakumkuta askari. Chini ya ukuta wa shule, uliochorwa herufi na matunda, alikuta mama mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa sare ya wafagiaji wa supamaketi. Miguuni pake palikuwa na kikapu kilichofunikwa taulo. Chini ya taulo, taa nyekundu ilikuwa inapepesa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Hicho ni kitu gani?"

Mama hakuficha. Alifunua taulo. Betri ya pikipiki, nyaya mbili, na kijidude cheusi.

"Jicho la mlango," alisema. "Si unaijua ile milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe? Fundi alibadilisha jicho la zamani, nikamwomba asilitupe. Kuna mtu wangu alikuwa akinipitia kazini jioni, na kila akifika karibu na mlango, kifaa chake kinalia. Akasema, mlango wenu huu unajifanya trafiki! Tulicheka siku hiyo."

"Kwa hiyo wiki tatu nzima nafungishwa breki na mlango?"

"Si umepunguza mwendo?"

"Mama, hii si halali."

"Na chako?"

Kicheko kilimfika dereva kooni, kikaishia hapo. Aliikumbuka barua ya tatu. Akatoa simu, akafungua kundi la madereva, watu zaidi ya mia tatu, kila mmoja na Mmbea wake.

"Naandika," alisema huku vidole vinakimbia. "Kona ya shule hakuna trafiki. Ni geresha. Piteni tu."

"Baba, nakuomba." Mama alinyanyuka kwenye ndoo. "Ukituma hiyo, kesho watapita hapa kama zamani. Mwezi wa pili mtoto wa darasa la pili aligongwa pale, kwenye mistari ile ile ya kuvukia. Begi lake liliruka likadondokea ndani ya ukuta. Na dereva hakuwa mlevi. Kifaa chake kilikuwa kimya, basi akajua njia nyeupe, akakanyaga mafuta."

Kidole cha dereva kilibaki hewani. Nyumbani alikuwa na mtoto wake wa darasa la pili, pengo mbele, maneno kama redio.

"Pole sana, mama. Una watoto wangapi?"

"Mmoja tu. Wa kiume."

"Huyo mshenzi aliyemgonga, ningemtia mikononi ningemkamua kama shuka."

Mama alilishika lile taulo, akalikunja, akalikunjua. "Usiseme hivyo, baba."

"Wewe una moyo. Mimi sina."

Kengele ililia. Geti likafunguliwa, na watoto wakamwagika barabarani na sare zao, wengine soksi moja juu moja chini. Kwa mbali gari dogo la fedha lilikuwa linakuja limefumba macho. Lilipokaribia kona, pua yake ikainama ghafla, likaanza kunyata. Dereva wake alikuwa anageuza shingo huku na huku, anatafuta askari. Watoto walivuka mbele yake wakisukumana na kucheka, hawana habari. Mama alishusha pumzi pale tu wa mwisho alipokanyaga upande wa pili.

Dereva wa gari la dobi aliinua simu mbele ya macho ya mama, akayafuta maneno herufi kwa herufi.

"Umeona? Situmi. Nitamtafutia meneja uongo mwingine. Kwa ajili ya mwanao, mama, situmi."

Mwanamke kijana alikuwa ametoka getini amemshika mkono mtoto mdogo wa chekechea. Alipomwona mama wa kikapu, aligeuza uso upande wa pili na kumvuta mtoto wapite upesi. Mama aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka wale wawili wakakata kona.

"Simu bado unayo mkononi," alimwambia dereva, bado hajainua macho. "Sitaki ukae kimya kwa jambo usilolijua. Aliyefiwa ni yule. Mwanangu mimi ndiye aliyekuwa anaendesha, na kile kifaa nilimnunulia mwenyewe, siku alipopata leseni."