Dole Gumba la Afande Ngwada

"Amri ya mahakama ya kumwachia Kapera tunayo, mama," karani wa mahabusu alimwambia Nyamizi, "lakini faili la mwanao ni la idara mbili. Siku ya kumkamata kila idara iliweka dole gumba kwenye kompyuta, na madole hayo hayo ndiyo yanayolifungua ili atoke. Ndivyo wanavyolindana, wasiibiane siri."

Dole moja lilikuwa la mkubwa wa hapo. La pili lilikuwa la Ngwada, aliyekwisha kustaafu. Nyamizi hakuwa ameisahau sura yake, maana ndiye aliyemburuta Kapera kutoka mezani na tonge mdomoni. Nyamizi alimkuta mzee huyo akifyatua matofali ya saruji, akamleta vile vile na vumbi lake.

Mkubwa akaweka dole, taa ikawa kijani. Ngwada akaweka lake, ikawa nyekundu.

"Futa vizuri, afande," Nyamizi akasema.

Akafuta. Ikawa nyekundu tena.

Karani akaligeuza lile dole kwenye mwanga. Lilikuwa laini kama kigae. "Saruji imekula alama zote. Kompyuta haimjui huyu mzee."

"Mimi namjua."

"Niache niende, mama," Ngwada akanong'ona. "Umeona mwenyewe sifai."

"Siku ile ulifaa."

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa. Nyamizi alikijua kikohozi hicho. Akalishika dole la Ngwada kwa mikono yake miwili, akalikandamiza kwenye kioo. Mlinzi akaingia na kufuli la kufungia ofisi, akasimama akisubiri. Taa ilikuwa bado nyekundu, na Nyamizi alikuwa hajaliachia.